Ombaomba, fakiri, bhikkhu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya waombaji

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa lugha, wafasiri, walimu wa dini na watu wanaopenda tu kujua maneno yametoka wapi. Msimamo wangu nausema mapema: karibu kila lugha ninayoijua ilianza na mwombaji aliyeheshimiwa, kwa sababu aliaminiwa kuwa naye ana kitu cha kumpa mtoaji, iwe dua, baraka au thawabu. Imani hiyo ilipopungua, jina lake likaporomoka. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Kwa Kiswahili, kuna tofauti gani kati ya mwombaji, ombaomba, maskini na fukara?

Mwombaji ndilo neno pana kuliko yote, na upana wake ndio unaolisumbua. Katika Biblia ya Kiswahili, Bartimayo anayeketi kando ya njia ni mwombaji. Ukienda kwenye makanisa ya kiroho leo, waombaji ni kikundi cha watu wanaofunga na kukesha wakiombea wengine. Ofisini kuna waombaji wa kazi, chuoni kuna waombaji wa mikopo. Kitenzi ni kilekile, kuomba, kwa Mungu na kwa jirani. Ndiyo maana sentensi "yule mama ni mwombaji" haieleweki mpaka ujue inasemwa wapi.

Ombaomba linaondoa utata huo kwa kurudia kitenzi. Kurudia huko kunabeba lawama: anaomba na kuomba tena, hana kazi nyingine. Neno linamfunga mtu kwenye tabia, ilhali wengi walio barabarani wameomba kwa msimu tu, baada ya mvua kugoma au mume kufariki.

Maskini ni hali. Mtu anaweza kuwa maskini maisha yake yote asiombe hata siku moja. Na Kiswahili kimelipa neno hili kazi ya huruma tupu: "Maskini, mtoto wa watu!" tunasema hata kwa tajiri aliyefiwa. Fukara ni umaskini uliofika chini kabisa, na tukitaka kufika chini zaidi tunaongeza hohehahe.

Mitaani kuna mengine. Kupiga mzinga ni kumwomba rafiki au jamaa fedha, mara nyingi bila nia ya kurudisha. Kudoea ni kuvizia chakula cha wengine. Chokoraa, huko Kenya, na maibobo, huko Goma, Bukavu na Rwanda, ni majina ya watoto wa mitaani, wawe wanaomba au hawaombi. Haya mawili ya mwisho nashauri usiyaandike kama maneno ya kawaida. Ni matusi kwa watoto.

Neno maskini lilianzia wapi?

Tulilipata kwa Waarabu, lakini safari yake ni ndefu kuliko Uarabuni. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, yupo mtu aitwaye mushkenum. Hakuwa ombaomba hata kidogo. Alikuwa mtu huru wa tabaka la chini, katikati ya bwana na mtumwa. Aliyemtoboa bwana jicho alitobolewa lake. Aliyemtoboa mushkenum alilipa mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha.

Neno likapita kwenye Kiaramu, likaingia Kiarabu kama miskin, na kutoka hapo likasambaa pamoja na biashara na dini. Kimalei na Kiindonesia wanasema miskin kwa maana ileile yetu. Kituruki nacho wana miskin, lakini kwao limeteleza likawa mtu mvivu, goigoi. Kiebrania cha leo kina misken, na hulitumia kama sisi tunavyosema "maskini!" kwa kuhurumia.

Huko Ulaya ya kusini ndiko kulikotokea jambo linalonisikitisha kila nikilifikiria. Kihispania ni mezquino, Kiitaliano meschino, Kifaransa mesquin, Kireno mesquinho. Kwa Kihispania mezquino ni bahili, mtu wa mkono wa birika; kwa Kifaransa mesquin ni mtu mwenye roho ndogo. Jina la aliyenyimwa likageuka kuwa jina la anayenyima.

Fakiri na maskini, nani mwenye hali mbaya zaidi?

Swali hili limewashughulisha wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi, na lina matokeo ya vitendo. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka, na mawili ya kwanza ni mafakiri na maskini. Kwa kuwa wametajwa mbalimbali, lazima wawe watu wawili tofauti.

Kwa Mashafii, wafuasi wa moja ya madhehebu ya sheria ya Kiislamu, ambao ndio wengi katika pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa na Visiwa vya Ngazija, fakiri ndiye mwenye hali mbaya zaidi: hana kitu, au alicho nacho hakifiki hata nusu ya mahitaji yake. Maskini ana kitu ila hakimtoshi. Ushahidi wao mmoja ni Surat Al-Kahf, aya ya 79, inayotaja jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini. Kama walikuwa na jahazi, basi walikuwa na mali. Mahanafi, wa madhehebu mengine, wanageuza: kwao maskini ndiye asiye na kitu kabisa.

Ipo pia hadithi mashuhuri, katika Bukhari na Muslim, kwamba maskini si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili, tende moja au mbili. Maskini ni yule asiye na cha kumtosha, wala hatambuliki apewe sadaka, wala hasimami kuwaomba watu. Kwa hadithi hii, maskini hasa huenda usimwone barabarani.

Jambo dogo la sarufi: fukara kwa Kiarabu ni wingi wa fakiri. Kiswahili kikalichukua kama umoja, kikatunga wingi mpya, mafukara. Hakuna kosa hapo. Lugha inayopokea neno ina haki ya kulipanga upya.

Kwa nini Wazungu wakisema fakir wanamfikiria mtu aliyelala juu ya misumari?

Kwa sababu walikutana na neno hilo India. Wasufi wa Kiislamu walijiita mafakiri kwa maana ya kiroho, wakiifuata aya inayosema kuwa watu wote ni mafukara mbele ya Mwenyezi Mungu. Hata waandishi wa miswada ya Kiarabu walijitambulisha hivyo kabla ya kuandika majina yao: fakiri kwa Mola wake. Waingereza wakalitwaa neno, wakalibandika pia kwa sadhu, mtawa wa Kihindu ambaye si Mwislamu, kisha magazeti na wacheza mazingaombwe wakalimalizia.

Februari 1931 Winston Churchill alimdhihaki Gandhi hadharani, akisema anajifanya fakiri na kupanda ngazi za ikulu ya mwakilishi wa mfalme akiwa nusu uchi. Gandhi alimwandikia mwaka 1944 kwamba kwa muda mrefu amekuwa akijitahidi kuwa fakiri, na uchi kweli, jambo ambalo ni gumu zaidi. Alilipokea neno kwa maana yake ya awali, na tusi likakosa pa kushika.

Darweshi ni nani, na ile bakuli yake inahusiana vipi na bahari yetu?

Darwish ni Kiajemi, maana yake mtu fukara, na lilitumika kwa Msufi aliyeacha mali. Waturuki wa Konya, wafuasi wa tarika ya Mevlevi, ndio wanaojulikana duniani kwa kuzunguka katika dhikri yao. Serikali ya Uturuki ilizifunga zawiya zote, yaani nyumba za Wasufi, mwaka 1925.

Neno lenyewe limepitia mambo makubwa Afrika. Huko Sudan Waingereza waliwaita askari wa Mahdi madarweshi, ingawa Mahdi mwenyewe alitaka waitwe Ansar. Kwa Wasomali, Daraawiish walikuwa wapiganaji wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan waliopambana na wakoloni kuanzia 1899 hadi 1920. Jina la mwombaji likawa jina la mpiganaji, na Wasomali wanalitaja kwa fahari mpaka leo.

Sasa bakuli. Darweshi wa Uajemi alitembea na chombo kiitwacho kashkul, kilichoning'inizwa kwa mnyororo mkononi au begani. Kilichopendwa kuliko vyote kilitengenezwa kwa nazi ya bahari, ile nazi kubwa yenye umbo la mapande mawili yaliyoshikana, ambayo mti wake huota kwa asili Ushelisheli peke yake, katika visiwa vya Praslin na Curieuse. Nazi mbichi huzama. Iliyooza ndani na kubaki fuu tupu ndiyo huelea, na mikondo ya Bahari ya Hindi iliyachukua mafuu hayo hadi Maldivi na pwani za India. Watu walioyaokota ufukweni hawakujua mti ulipo; wengine waliamini unaota chini ya bahari. Fuu lilipasuliwa kwa urefu likawa na umbo kama la mtumbwi, likang'arishwa mpaka likawa jeusi, na mafundi wakachonga juu yake aya na mashairi. Nimeona picha za kashkul za makumbusho ambazo nakshi yake imejaa mpaka hakuna nafasi ya kuweka kidole. Hicho ndicho chombo cha kuombea makombo.

Baadaye Waajemi na Waarabu wakaita kashkul kitabu chochote cha mkusanyiko: mashairi, hadithi, hesabu na hekima zilizookotwa huku na huko.

Je, mtawa wa Kibudha ni ombaomba?

Kwa asili ya neno, ndiyo. Bhikkhu kwa Kipali, bhikshu kwa Kisanskriti, linatokana na kitenzi cha kuomba. Wa kike ni bhikkhuni. Lakini ukimwita ombaomba mbele ya Mthai utakuwa umekosea sana, kwa sababu Kithai kina neno jingine kwa anayeomba barabarani, khothan, na neno tofauti kwa mzunguko wa mtawa, bintabat.

Tofauti iko kwenye utaratibu. Mtawa wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Thailand na Myanmar, ana kanuni 227. Anatoka alfajiri, mara nyingi peku, na bakuli. Haombi kwa mdomo. Anasimama kimya au anapita polepole, na mwenye nyumba anayesubiri na wali anavua viatu, anachota, anaweka. Mtawa hasemi asante. Kwa fikra zao anayepata zaidi ni mtoaji, kwa kuwa amepewa nafasi ya kuchuma thawabu. Chakula chote lazima kiliwe kabla ya adhuhuri.

Uzito wa jambo hili ulionekana Myanmar mwezi Septemba 2007. Watawa walioandamana dhidi ya utawala wa kijeshi walitangaza kugeuza mabakuli yao chini juu, yaani hawatapokea sadaka kutoka kwa wanajeshi na jamaa zao. Kwa mtu wa nje ingeonekana kama mwombaji amesusa chakula. Kwa Mbudha, jenerali alikuwa amefungiwa mlango wa thawabu.

India ina majina mengine mazuri ya namna ya kuomba. Madhukari ni kuomba kama nyuki: kidogo kutoka kila nyumba, bila kuharibu ua. Watawa wa Kijaini wao husema gochari, malisho ya ng'ombe, anayegusa majani huku na huku bila kung'oa mizizi.

Na Japani?

Herufi mbili zilezile za Kichina zilitaja mwombaji wa dini na mwombaji wa kawaida. Zikisomwa kotsujiki, ni mzunguko wa mtawa na bakuli. Zikisomwa kojiki, ni ombaomba, na neno hilo sasa ni tusi ambalo vyombo vya habari vya Japani hulikwepa. Mzunguko wa watawa leo huitwa takuhatsu. Walikuwepo pia komuso, watawa waliojifunika kichwa chote kwa kapu la matete wakipiga zumari la mwanzi liitwalo shakuhachi. Madhehebu yao ya Fuke yalifutwa mwaka 1871.

Ukristo nao ulikuwa na waombaji wa dini?

Sana. Fransisko wa Asizi hakutaka ndugu zake waguse hata fedha. Kanuni yao ilithibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1223. Wadominiko walikuwa wamekwisha kuthibitishwa mwaka 1216. Mashirika ya namna hii yaliongezeka mpaka Mtaguso wa Lyon wa mwaka 1274 ukayapunguza, yakabaki manne makubwa: Wafransisko, Wadominiko, Wakarmeli na Waaugustino. Maandishi ya Kikatoliki ya Kiswahili huyaita mashirika ya ombaomba, na hapo neno halina dharau hata chembe. Wakapuchini, tawi la Wafransisko lililoanza karne ya 16, tunawafahamu vizuri Dar es Salaam.

Ufaransa manne hayo yamebaki mezani. Kitindamlo kiitwacho mendiants, yaani waombaji, kina tini, lozi, zabibu kavu na njugu za hazel, kila kimoja kwa rangi ya kanzu ya shirika mojawapo.

Kwa upande wa Ethiopia, wanafunzi wa shule za kale za kanisa la Orthodoksi huitwa yeqolo temari, mwanafunzi wa bisi, kwa vile hula nafaka iliyokaangwa na kile wanachoomba mlango kwa mlango. Wapo pia lalibela, familia zinazoimba alfajiri mbele ya nyumba za watu na kuwabariki waliolala ndani. Husimuliwa kwamba wakiacha kuimba watapata ukoma.

Almajiri, talibé na garibou ni maneno gani?

Ni majina ya Afrika Magharibi kwa watoto waliopelekwa kusoma Kurani mbali na kwao na ambao huomba chakula au fedha. Yote matatu ni Kiarabu kilichopokewa vizuri. Almajiri, la Kihausa, latokana na al-muhajir, aliyehama kwa ajili ya dini. Talibé la Senegal ni talib, mwenye kutafuta elimu. Garibou la Mali na Burkina Faso ni gharib, mgeni. Mhamaji, mwanafunzi, mgeni: huwezi kupata maneno yenye heshima kuliko haya. Leo almajiri kwa Kihausa humaanisha pia ombaomba yeyote, hata mzee.

Mtoto wa Kano huenda na bakuli la plastiki akiita "Allah ya ba ku mu samu", Mungu awape nyinyi nasi tupate. Yule wa Dakar alizoeleka kwa kopo tupu la nyanya. Naheshimu elimu ya Kurani na walimu wake, na kwa sababu hiyohiyo nasema wazi kwamba mtoto wa miaka sita anayepigwa akirudi bila kiasi alichopangiwa hayuko kwenye mapokeo yoyote ya kiroho. Anatumikishwa.

Kuna lugha zinazomwita mwombaji kwa kilio chake au siku yake?

Kihispania kinayo moja nzuri: pordiosero, kutokana na "por Dios", kwa ajili ya Mungu, maneno ambayo mwombaji aliyarudia siku nzima. Kwa Kiindonesia ni pengemis, na maelezo yanayopendwa huko Java ni kwamba linatokana na Kemis, Alhamisi, siku ambayo sadaka ziligawiwa. Sisi hatukutunga neno kama hilo, ingawa msingi tunao: Dar es Salaam, Ijumaa ndiyo siku ya foleni mbele ya misikiti na maduka ya Wahindi.

Kilio cha kwetu hubadilika kulingana na anayeombwa. Bibi kizee atakuita "mwanangu" au "mjukuu wangu", ajenge undugu kwanza ndipo aombe. Kijana kwenye taa za barabarani atasema "bosi, niachie hata jero".

Watu wanakataaje bila kumvunjia heshima?

Lugha nyingi zina maneno maalumu, na mengi yanamrudisha mwombaji kwa Mungu. Mwarabu husema "Allah ya'tik", Mturuki "Allah versin", yote mawili Mungu akupe. Mhispania wa zamani: "Dios le ampare, hermano", Mungu akulinde, ndugu. India na Pakistan ni "maaf karo, baba", nisamehe, baba. Anayekataa ndiye anayeomba msamaha, tena kwa kumwita mwombaji baba. Nchini Myanmar, usipokuwa na chakula cha mtawa, unamwambia "kadaw ba", ukitoa heshima yako, naye hupita.

Kiswahili kina "samahani baba, leo sina" na "Mungu atajalia". Yanatosha kabisa. Kuangalia simu hakumo katika orodha hii. Katika Surat Adh-Dhuha, aya ya 10, Mtume anaambiwa asimkaripie mwenye kuomba. Aya inazungumzia namna ya kusema naye, na hilo linamhusu hata asiye na senti mfukoni.

Je, kuna watu waliowahi kujiita ombaomba kwa kujivunia?

Waholanzi. Mwaka 1566 kundi la wakabaila lilipeleka ombi kwa Margaret wa Parma, aliyetawala Uholanzi kwa niaba ya mfalme wa Hispania, wakitaka mateso ya kidini yapunguzwe. Inasimuliwa kwamba mshauri wake mmoja alimwambia asiwaogope, hao ni gueux tu, yaani ombaomba. Wao wakalichukua jina, wakavaa medali na vibakuli vidogo vya kuombea, wakajiita Geuzen. Ombaomba wa Baharini, manowari za waasi hao, waliteka mji wa Brielle tarehe 1 Aprili 1572, na uasi ukapata bandari.

Sheria inawaitaje?

Kwa majina mabaya, kwa kawaida. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 176, inaweka kuomba hadharani katika kundi moja na uzembe na utovu wa utaratibu, lugha iliyorithiwa kutoka sheria za Kiingereza za uzururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Wiki chache baadaye, Januari 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uswisi ilimkosea mwanamke wa jamii ya Roma aliyetozwa faini ya faranga 500 kwa kuomba Geneva, kisha akafungwa siku tano kwa kushindwa kulipa.

Ninatafsiri. Nitumie neno gani?

Usitafute neno moja la kila mahali. Bhikkhu mwache abaki bhikkhu, au mtawa wa Kibudha. Ombaomba litampotosha msomaji. Kwa Wafransisko wa karne ya 13, mashirika ya ombaomba ni sahihi kwa sababu kanisa limekwisha kulizoea. Faqir wa kisufi ni fakiri, na faqir wa zaka pia ni fakiri, ila aya za zaka zisichanganye fakiri na maskini hata kama sentensi ingesikika vizuri zaidi. Darweshi huhitaji maelezo mafupi mara ya kwanza. Kwa habari za mtaani, "mama anayeomba karibu na kituo cha basi" ni ndefu kuliko "ombaomba", na mhariri atataka kuikata ili apate nafasi. Mwambie akate mahali pengine.